Domisiana na Mtoto Aliyekingama

Domisiana hakupenda kuinama. Alipalilia kwa jembe la mpini mrefu aliochongewa na mumewe, Xavery, na wanawake wenzake wa kijiji chetu cha ujamaa, upande wa Rulenge, walisema analima kama mtu anayechokonoa nyoka shimoni. Hata wakwe zake aliwasalimia amesimama. Kwa watu wengine hilo ni jambo dogo. Kwa mama mkwe wake, Clotilda, aliyewapigia wakwe magoti mpaka yakaota sugu, lilikuwa tusi la kila asubuhi.

"Mgongo wako una nini?" Clotilda alimwuliza siku moja mbele ya watu.

"Hauna kitu, Mama. Ndiyo maana naulinda."

Vita vya Kagera vilipoanza, mwishoni mwa mwaka 1978, Xavery aliondoka na wenzake wa mgambo. Walipanda lori wakiimba, na nyumbani akabaki mkewe mwenye mimba, mama yake, na ukimya wa wanawake wawili wasiopatana wanaokula chungu kimoja.

Mimba ilipokaribia mwisho, Domisiana alikwenda zahanati. Muuguzi Speciose alimlaza, akampapasa tumbo kwa mikono miwili, kisha akampapasa tena.

"Mateke unayasikia wapi?"

"Pande zote. Ubavu huu anapiga teke, ubavu huu anapiga kichwa."

"Amekingama. Amelala kama gogo la kufungia zizi."

Dada mkubwa wa Domisiana alikufa na mtoto wa namna hiyo tumboni, akiwa kwenye machela, kabla hajafikishwa hospitali. Speciose alilijua hilo, kama walivyojua wote.

"Sikiliza," alisema. "Asubuhi na jioni uweke magoti na viganja chini, tumbo lining'inie, apate nafasi ya kujigeuza. Ukikaa, usiegemee nyuma kama bwana shauri. Na kila Jumatano uje nikupapase. Siahidi kitu, maana wapo wanaogeuka na wapo wanaokataa. Uchungu ukianza naye bado amekingama, hapo hakuna kusukuma, ni hospitali kwa kisu. Na magari unajua yalipo."

Kila gari lenye magurudumu mazima lilikuwa vitani.

"Kwa hiyo nitambae," alisema Domisiana.

"Utambae."

Clotilda alipopewa habari alifunika mdomo kwa upindo wa kanga, mabega yakamtikisika. "Mimi nimeshindwa miaka yote hii," alisema alipoweza kusema, "mjukuu wangu amemweza kabla hajazaliwa." Lakini naye alikuwa amembeba yule dada upande mmoja wa machela, na kicheko hakikudumu. Alimvisha mkamwana wake rozari juu ya tumbo.

"Huyu bado hajabatizwa, Mama. Hataijua."

"Ataijua. Sasa chuchumaa. Hapana, si hivyo, piga magoti. Magoti ni yale mawili yaliyo katikati ya mguu, kama hujawahi kuyatumia."

Tatizo lilijitokeza asubuhi ya kwanza. Kwetu mtu mzima hatambai uani bure. Akionekana na viganja chini, bila kazi, jua likichomoza, watu hawaulizi ana ugonjwa gani. Wanauliza anamroga nani. Jirani yao Rozalia alichungulia mara moja tu juu ya ua, akajifanya anatafuta kuku.

Clotilda akaleta ndoo ya mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. "Siriba sakafu," alisema. "Mwenye ndoo si mchawi."

Domisiana alisiriba nyumba yake, akarudi kinyumenyume mpaka mlangoni, tumbo likining'inia. Jioni alisiriba ya Clotilda. Lakini nyumba za ujamaa zilikuwa za vyumba viwili tu, na sakafu haisiribwi kabla ya kukauka. Akaenda kwa Rozalia, ambaye sasa hakuhitaji kuku, kisha kwa jirani wa pili, kisha wa tatu. Mstari wa nyumba ulipomalizika, mwishoni mwake ikabaki ofisi ya Chama, ambayo sakafu yake haikuwa imeguswa tangu ilipofunguliwa kwa hotuba.

Mwenyekiti wa kijiji, Anatory, alimkuta humo ametambaa chini ya meza yake. Alisimama akitazama nyayo zile mbili zilizotokeza, akavua kofia.

Katika mkutano wa kijiji alisema hivi: "Ndugu wananchi, yupo mama hapa. Mumewe yuko mstari wa mbele. Yeye ni mjamzito. Je, amekaa? Hakukaa. Amejitolea, kwa magoti yake, kuisiriba ofisi ya Chama bila kuambiwa. Na ninyi wenye matumbo mepesi mnangoja nini? Kuanzia kesho kila mwanamke atasiriba jengo la umma. Shule, ghala, na zahanati."

Wanawake walimgeukia Domisiana wote kwa pamoja. Alitazama kilima cha ng'ambo kama mtu anayesubiri basi.

Wiki ile kijiji kizima kilinuka zizi. Kisimani hakuna aliyeuliza habari za asubuhi. Waliuliza kichwa kiko wapi. Wengine hawakuuliza, walinyoosha mkono na kupapasa wenyewe. Jumatano Speciose alisema mtoto amekaa mshazari, kichwa kimeshuka kidogo kuelekea nyonga, na kabla Domisiana hajafika nyumbani habari ilikuwa imetangulia.

"Mshazari," alisema Rozalia kwa uchungu. "Mwambie huyo mtoto ajihimize. Mimi bado nina ghala zima."

Mkutano uliofuata Rozalia alisimama. "Ndugu Mwenyekiti, tuseme kweli. Huyu hajitolei. Mtoto wake amekingama, na nesi kamwambia atambae. Ndoo ni ya kumsitiri tu."

Ofisi ilikuwa safi na shule ilikuwa safi, na taarifa ya kujitolea ilikwisha kwenda wilayani Ngara.

"Na akigeuka?" Anatory aliuliza.

"Tutapumzika."

"Basi," alisema, akikohoa, "Chama kinamtaka ageuke."

Hapo Domisiana alicheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya zahanati, akacheka mpaka akashika mbavu. Clotilda hakucheka. Alimshika mkono na kumrudisha nyumbani, akamshikia ndoo, na kwa kuwa kusimama kulimchosha, akapiga magoti kando yake, wakasiriba pamoja.

Jumatano iliyofuata Speciose alipapasa juu ya kinena, akasimamisha vidole. Alichukua pembe ya kusikilizia, akaiweka chini ya kitovu, akasikiliza.

"Kichwa kiko chini."

"Papasa tena," alisema Clotilda.

Akapapasa tena. Kilikuwa chini.

Uchungu ulimkuta Domisiana nyumbani, siku chache baadaye, alfajiri. Vijana wote walikuwa vitani, kwa hiyo machela ilibebwa na wazee wawili na wanawake wawili, Rozalia mmoja wao, akilalamika kwamba mzigo ungekuwa mwepesi kama mwenyewe angetembea. Clotilda alikwenda mbele, na kila baada ya mwendo kidogo alisimamisha machela aone kama mkamwana wake bado anamtazama. Alikuwa anamtazama, na anamtukana Xavery kwa jina lake la ubatizo.

Mtoto alizaliwa zahanati kabla ya adhuhuri, msichana, amefunga ngumi zote mbili. Clotilda aliketi kizingitini akalia bila kujificha.

Mgambo mmoja aliyekuwa likizoni alikuwa anarudi mstari wa mbele juma lile, akapita kuuliza kama kuna ujumbe kwa Xavery.

"Mwambie amepata binti," alisema Domisiana. "Mwambie kichwa ndicho kilichotangulia, na ni kikubwa kama cha baba yake, kwa hiyo asiharakishe kurudi."

Clotilda alimfuata yule mgambo mpaka barabarani. "Hilo la mwisho usimwambie," alisema. "Mwambie arudi."