Maziwa ya Makauboi

Gari la sinema la serikali lilipopita Karatu mwaka ule wa themanini na mbili, watu wengi waliondoka uwanjani na mafua. Cresensia aliondoka na mpango.

Alikuwa mjane mwenye kilabu cha pombe ya mtama karibu na stendi. Wateja walikuwa wamekihama tangu jirani yake Wilibrodi, mwenye kilabu pia, anunue santuri. Kisipojaa Pasaka hii, basi ni kurudi Endamarariek kupalilia ngano ya kaka yake Piusi, bwana wa kumpimia mtu hata chumvi.

"Nafanya pati ya kauboi," akamtangazia mdogo wake, Marsela.

"Kauboi ndiyo nini, dada?"

"Mchunga ng'ombe mwenye kofia. Anakula maharage kwenye sahani ya bati, anakunywa amesimama, halafu anampiga mwenzake."

"Mbona hao tunao kila Jumamosi?"

Cresensia hakucheka. Kwenye ile sinema, wenzake walipokuwa wakishangilia bastola za makauboi, yeye alitazama sahani. Sukari ilikuwa imeadimika nchi nzima, na bia ya chupa walikuwa wakiionja wakubwa wa chama, kwa niaba yetu. Sasa kauboi anahitaji kipi hapo? Maharage yalikuwepo. Pombe ingetiwa asali ya Endabash na kunywewa kwenye vikombe vya kahawa, kwa funda moja. Wanakwaya, wanaojidai hawanywi, wangepewa maziwa mgando. Na juu ya makaa, maksai mzima wa Kakuta, mfugaji wa Kimasai na rafiki wa marehemu mumewe, aliyekubali kumswaga kutoka Kakesio ili abadilishe na mahindi.

Kakuta akafika asubuhi ya Pasaka. Akayaona makaa, akafurahi. Akaviona vibuyu, uso ukabadilika.

"Shemeji, maziwa ya nani haya?"

"Ya wageni. Nyama mkono huu, maziwa mkono huu. Si ndicho chakula chenu?"

"Siku moja? Tumbo moja? Kwetu ni mwiko! Unataka ng'ombe wangu wakauke viwele?"

Akamgeuza maksai, wakashika njia ya kurudi.

"Mwache aende," Marsela akasema. "Tuchinje kuku."

"Uliwahi kuona kauboi anachunga kuku?"

Cresensia akajifunga kanga kiunoni, akatoka mbio mbele ya waumini waliokuwa wakitoka kanisani, akaudaka mkia wa maksai na kuning'inia nao.

"Shemeji, simama! Maziwa nayafungia stoo. Ufunguo kaa nao wewe. Yatatoka kesho."

Kakuta akautazama mkia, akamtazama mwenye kuushika.

"Na wanakwaya wako?"

"Watakunywa maji. Bwana wao alipewa siki, hakususa."

Kakuta akacheka mpaka akaegemea fimbo.

Jioni kilabu kilifurika makauboi wa kofia za ukili. Wanakwaya waliyavumilia maji kwa wimbo mmoja na nusu, kisha wakahamia vikombe vya asali. Wilibrodi akaiacha santuri ikiviimbia viti vitupu, akaja kuomba mfupa.

Jumatatu ya Pasaka vichwa viliwagonga wote, na foleni ya maziwa ikafika stendi. Kakuta alisimama mlangoni, ufunguo shingoni, akimhoji kila mtu kama amelala au bado yuko jana. Piusi naye alikuwemo, kofia imemkaa kombo.

"Cresensia," akaanza kwa sauti ya kukwaruza, "kuhusu ile palizi..."

"Tafuta vibarua, kaka," akasema, akamsukumia kibuyu. "Mimi nina wateja."