Moyo wa Limi Ulioko Maabara

Limi Makoye, fundi cherehani wa Tinde, alimlea mdogo wake Enock tangu mama yao alipoanguka ghafla shambani akipalilia pamba, akafa jembe likiwa mkononi. Enock alisoma mpaka akawa mtafiti wa magonjwa ya moyo Dar es Salaam. Watu walimwita Limi "mama wa daktari," naye hakuwasahihisha.

Miaka minne iliyopita Enock alikuja likizo, akamtoa dada yake damu.

"Ni kipimo tu, dada. Majibu nitakuletea."

Hakuyaleta. Limi akadhani hakuna tatizo.

Mwezi Machi mwaka huu binti yake, Loveness, alizimia kwenye mbio za shule. Hospitalini daktari wa moyo, Mariana, aliuliza jina la ukoo wa mama, akaweka kalamu chini.

"Mama Loveness, wewe ni dada yake Enock? Basi moyo wako naufahamu, nimeuona kwenye utafiti wake."

Akamwonyesha video kwenye simu. Kipande cheupe, kidogo kama punje ya mchele, kilikuwa kinadunda chenyewe ndani ya kisahani: mara mbili haraka, kisha kinasita. Mariana alieleza kwamba chembe za damu ya Limi zilirudishwa zikawa seli shina, seli changa zinazoweza kugeuka kiungo chochote, kisha zikakuzwa kuwa misuli ya moyo. Hapo ndipo dawa zilipokuwa zinajaribiwa. Kule kusita kulikuwa ni ugonjwa wa kurithi. Ripoti ya utafiti huo ilikuwa na miaka mitatu, na jina la Enock lilikuwa juu.

Enock alipofika, Limi hakumkaribisha kiti.

"Ulijua?"

"Dada, nilitaka kwanza utafiti ukamilike. Nilihofia kukutia hofu bure."

"Mwanangu alikuwa anakimbia kila jioni, Enock. Na wewe ulikuwa umekaa Dar unautazama moyo wangu."

Enock alilia. Limi hakulia.

Alitaka kile kipande kitupwe. Mariana akamwambia ukweli: dawa inayomfaa Loveness ilikuwa inatafutwa kwenye kipande hicho hicho. Limi akachukua kalamu, akatia sahihi kiendelee.

Loveness sasa anameza vidonge asubuhi na jioni, na mbio ameacha. Enock hupiga simu kila Jumapili.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," Limi hujibu, kisha humpa Loveness simu na kurudi kwenye cherehani.