Mrejesho Uliobaki Kwenye Faili

Mimi semina zinanikera, nisiwafiche. Kujifunza napenda. Kinachonipandisha hasira ni jinsi watu wanavyochaguliwa kwenda. Kwenye kituo chetu cha afya, huko milimani ng'ambo ya Kibakwe, barua ya semina ikifika hakuna anayeuliza inahusu nini. Swali ni moja tu: zamu ya nani? Dereva wa gari la wagonjwa aliwahi kwenda kusikiliza mambo ya chanjo kwa sababu zamu ilikuwa yake. Aliporudi tukamuuliza ametuletea nini, akasema wali ulikuwa mzuri.

Basi barua ya watoto wanaozaliwa kabla ya wakati ikaja zamu ikiwa yangu. Aliyestahili kwenda ni mkunga wetu, mama mtu mzima ambaye mimi humwamkia shikamoo kila asubuhi. Yeye ndiye anayekaa na watoto hao, ndiye anayewapima, anayewafunika, na wakifa ndiye anayewalilia. Nikamwendea mganga mfawidhi, mkuu wetu pale kituoni.

"Bosi, hii mpe mama wa wodi ya wazazi."

Akacheka. "Dokta, leseni yako si inaisha mwakani? Pointi unazo?"

Sikuwa nazo. Daktari asipokusanya pointi za mafunzo, leseni haihuishwi, na bila leseni hugusi mgonjwa. Nikaenda kupanga begi.

Pale ukumbini Dodoma mjini tuliandika majina mara tatu kabla ya kusikia lolote la maana. Mtoa mada wa kwanza alitupa mgongo akasoma slaidi neno kwa neno, kana kwamba sisi wote hatujui kusoma. Daktari mmoja wa Bahi, jirani yangu wa kiti, asubuhi nzima alikuwa anabishana kwenye simu na fundi wake wa Kizota juu ya geti. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu vigae vya dari.

Baada ya chai akasimama daktari wa watoto, dada mmoja mwembamba, na slaidi zake chache. Akaongea Kiswahili, na akaongea wazi. Alisema tumezoea kumtenga mtoto njiti na mama yake mpaka atulie, ndipo tumruhusu mama ambebe kifuani. Utafiti wa karibuni umeonyesha tunakosea. Alimradi mtoto anapumua mwenyewe, awekwe kifuani kwa mama tangu mwanzo kabisa, ngozi kwa ngozi, na uangalizi mwingine umfuate hapo hapo. "Wale tunaowasubirisha," akasema, "wanakufa zaidi."

Jamani, nilishtuka. Kwetu ilikuwa ndivyo hivyo hasa. Mtoto njiti akizaliwa anapelekwa chumba cha pembeni, chini ya taa ya joto, mama anabaki wodini siku moja, siku mbili, anasubiri aitwe. Na umeme wetu kila mtu anaujua, na baridi ya milimani kuanzia mwezi wa sita haina masihara. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari mara mbili. Nikajiambia Jumatano nikitoa mrejesho, mkunga wetu lazima alisikie hili.

Utaratibu wetu ni kwamba aliyetoka semina anawasimulia wenzake Jumatano asubuhi. Huo ndio mrejesho. Jumatano ya kwanza wakaja viongozi, tukafagia. Ya pili tukahesabu dawa. Ya tatu foleni ya wagonjwa ilifika mpaka nje, na kusema kweli nilisahau. Katikati ya hayo mganga mfawidhi akawa ananidai karatasi ya faili, eti wakaguzi wakija wasiikose. Nikaandika ukurasa mmoja wa Kiingereza, akasaini, akagonga muhuri: mrejesho umefanyika. Picha za slaidi nikazirusha kwenye kundi letu la WhatsApp. Wakajibu asante dokta, ubarikiwe. Mkunga wetu anatumia kitochi, kisimu cha vibonye kisicho na WhatsApp. Nilijua anatumia kitochi.

Mwezi wa saba, asubuhi moja ya baridi kali, nilikuwa na wagonjwa wa nje nikamwona mkunga anakuja mbio, kakunja uso.

"Dokta, njoo umseme huyu binti. Mimi kanishinda."

Binti huyo alikuwa amejifungua alfajiri, kijana wa kiume, mdogo kweli. Mkunga akamweka chini ya taa. Umeme ukakatika. Akaenda jikoni kutafuta chupa za maji ya moto za kumzungushia, na aliporudi akakuta binti kashuka kitandani, kaingia chumba cha pembeni, kamchukua mwanawe na kumtia kifuani ndani ya khanga. Hataki kumtoa. Kiswahili chake kilikuwa cha kutafuta maneno, maana nyumbani kwao wanaongea Kigogo.

"Alikuwa baridi," aliniambia. "Mimi nina joto."

Nilimpima mtoto. Anapumua vizuri, na joto limeanza kupanda.

"Mwache naye," nikasema.

"Dokta! Hajatulia huyu!"

"Mama, siku hizi hatusubiri atulie. Wamefanya utafiti, wameona kumtenga ndiko kunakomuua."

"Nani kasema?"

"Tulifundishwa kwenye semina."

"Semina ipi?"

"Ile ya mwezi wa tano."

Akarudisha kipimajoto kwenye kibweta chake, taratibu. "Mwezi wa tano," akasema. "Ukakaa nayo."

Nikaanza kujitetea. Viongozi, dawa, foleni, faili, nilituma kwenye kundi. Upuuzi mtupu, na nikiwa nausema nilikuwa nausikia. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa maneno.

"Na yule wa mwezi wa sita?"

Nilimkumbuka. Mtoto wa kike, alikaa chini ya taa ile siku mbili, akafa. Nilisaini karatasi zake mimi mwenyewe.

"Alikuwa anapumua vizuri," mkunga akasema. "Mama yake alinigongea mlango anaomba amshike. Mara tatu, dokta. Mara zote tatu nilimwambia subiri."

Nikamwambia kosa si lake, ni langu.

"Najua ni lako," akasema. "Lakini aliyemwambia subiri ni mimi."