Mapovu Kwenye Chupa ya Lusajo

Siku yangu ya kwanza kwenye karasha huko Chunya nilipewa koleo, ndoo na kipande cha kanga cha kufunga puani. Karasha ni mashine ya kusaga mawe ya dhahabu yawe unga. Unga huo ni laini kuliko sembe, na ukielea juani unapendeza kuutazama. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita, nimekuwa utingo wa lori lililobeba karatasi kutoka Mgololo, na lori nalo limenichosha. Nikamuuliza msimamizi wetu unga ule ukishaingia kifuani hutokea wapi.

"Mtu wa Iringa," akasema, "umekuja kusaga mawe au kutunga mtihani?"

Wenzangu wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Lusajo, kijana wa Tukuyu, ambaye hakufunga kitambaa hata siku moja. Alisema kinamnyima nafasi ya kusimulia.

Sikukaa sana pale. Nilipata kibarua cha usafi katika hospitali moja ya wilaya hiyo, kisha nikawa mhudumu wa gari la wagonjwa. Kazi yangu ilikuwa kubeba machela, kubadilisha mitungi ya oksijeni na kumshikilia mgonjwa kwenye kona. Mkuu wangu alikuwa muuguzi wa rufaa, tuliyemwita Sista, mwanamke asiyechoka kuulizwa. Yeye ndiye aliyenijibu swali la karasha. Vumbi la mawe, alisema, likishazama ndani kabisa halitoki. Mwili unalizungushia makovu, na pafu lenye makovu huwa gumu, halitanuki vizuri hata mtu akivuta kwa nguvu zake zote. Kifua kikuu nacho hupata njia rahisi humo.

Nikamuuliza na lile la siku za lori: kwa nini pakiti za krispi zilivimba kila tulipopanda mlima, zikanywea tuliposhuka? Dereva wangu alidai ni joto la injini. Sista akaeleza kwamba kule juu hewa ya nje inakandamiza kidogo kuliko huku chini, kwa hiyo hewa iliyofungiwa inajitanua. Nilifurahi siku nzima.

Kisha akaletwa Lusajo. Miaka kadhaa ilikuwa imepita, naye alikuwa amekonda, anazungumza neno mojamoja. Pafu lake moja lilikuwa limetoboka, hewa ikavujia kwenye nafasi iliyo kati ya pafu na ukuta wa kifua, ikawa inalibana. Daktari alimwekea mpira mwembamba ubavuni, ncha ya pili ikazamishwa kwenye chupa ya maji. Hewa iliyovuja hutoka kama mapovu, na maji huizuia isirudi. Chupa hukaa chini kuliko kifua, na mpira haukunjwi. Tundu lilipokataa kuziba, akapewa rufaa ya Mbeya. Barabara ya Mbeya hupanda mlima mrefu kabla ya kushuka mjini.

Mama yake alikaa karibu naye, chupa sakafuni mbele ya miguu yake. Tulipokaribia kileleni Lusajo akaanza kuhangaika. Mishipa ya shingo ilimtoka, midomo ikageuka rangi ya majivu. Niliongeza oksijeni, haikusaidia kitu. Sista akatazama chupa. Hapakuwa na povu hata moja. Akaufuata mpira kwa mkono kutoka ubavuni hadi chini ya kanga ya mama, na huko akaukuta umekunjwa, umebanwa kwa mikono miwili.

"Achia mpira, mama."

"Siachii. Pumzi ya mwanangu inaishia kwenye chupa, na nyie mnaangalia."

Sista alikuwa ameshamshika vidole, anavifungua. "Hiyo si pumzi yake. Ni hewa iliyopotea njia, ndiyo inayomkaba. Na huku juu inazidi kutanuka."

Mpira ulipoachiwa, maji yalichemka kama ya chai. Polepole kifua kikatulia na midomo ikarudi rangi yake. Neno la kwanza la Lusajo lilikuwa kwa mama yake. "Mama... waache... wafanye kazi." Mama aliishika chupa pale pale sakafuni kwa mikono yote miwili, hakuiacha hadi Mbeya.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani Iringa. Vijana wanaokwenda machimboni hupita kuniaga, nami nawaambia wamwagie mawe maji kabla ya kusaga, wafunge pua, na anayekohoa asisubiri kukonda ndipo apimwe. Lusajo hakurudi kwenye karasha. Makovu yamebaki, na kwenye mwinuko husimama mara kwa mara.

Kazi nyingi nilizianza nikaziacha. Hii ya gari la wagonjwa sikuiacha mpaka umri uliponitoa, na sababu mojawapo ni mama yule. Nilipopeleka mgonjwa mwingine Mbeya nilimkuta wodini akikimbia kumwita muuguzi, maana mapovu yalikuwa yamekoma. Muuguzi alisikiliza kifua, akamwambia tundu limeziba na pafu limejaa mahali pake. Mama hakuridhika. Aliinama, akaweka sikio lake kwenye ubavu wa mwanawe. Lusajo alipotaka kusema kitu, akamziba mdomo kwa kiganja. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akainuka, akazunguka kitanda.

"Ngoja," akasema, "nisikilize na upande wa pili."