Chipu Iliyohisi Baridi Kila Alhamisi

Kabla lolote halijatokea, hali ilikuwa hivi. Dada yangu mkubwa, niliyelelewa naye Kibirichia na ambaye baadaye aliolewa Kianjokoma, alikuwa na mashine ya kuangulia mayai sebuleni kwake, kati ya televisheni na kabati la vyombo. Ilikaa sebuleni kwa sababu huko ndiko kulikokuwa na soketi pekee ya kuaminika. Sanduku lake la mbao liliundwa na seremala wa Runyenjes. Ubongo wake niliutengeneza mimi, mtu ambaye amefundisha Kilatini na mantiki maisha yake yote, kwa vijana waliotaka upadre na kwa wengine waliotaka chakula cha seminari.

Ubongo huo ulikuwa chipu ndogo kuliko ukucha. Kihisi joto kilifungwa kwenye ncha ya waya mweusi ulioingia sandukuni kupitia tundu la kifuniko. Chipu ilikisoma kihisi hicho: joto likipungua iliwasha koili ya kupashia sanduku joto, likitosha iliizima. Ni kazi ambayo kuku huifanya bila kusoma chochote.

Lugha ya chipu nilijifunza uzeeni, kwa sababu ile ile iliyonivutia kwenye Kilatini: hapakuwa na jirani aliyeizungumza ambaye angeweza kunikosoa. Nilikuwa pia na kifaa cha kuandikia programu, kijisanduku cheusi kinachotoshana na kiberiti. Upande mmoja kiliingia kwenye kompyuta, na upande wa pili kilikuwa na nyaya za rangi rangi zilizoibana miguu ya chipu. Kwa kifaa hicho niliweza kuipa chipu maagizo mapya, kusoma kumbukumbu ya joto iliyojiwekea, na kutazama kila ilichokihisi papo hapo. Wakuu wangu wa zamani wangelipa gharama yoyote kupata chombo kama hicho kwa ajili ya waseminari.

Mayai ya kwanza yaliiva. Sisemi yaliharibika, yaliiva, kama mayai ya kifungua kinywa. Yalikuwa mali ya akina mama wa jumuiya ya sala ya dada, kila mmoja akiwa ameyatia ya kwake alama kwa penseli. Walipoelezwa, walisema ni mapenzi ya Mungu, kwa ile sauti ambayo watu wa huku huitumia wanapomaanisha kwamba si Mungu. Kisha, kwa uungwana unaotisha kuliko matusi, wakaleta mengine. Dada ndiye aliyewashawishi waache kuwaatamisha kuku wao. Mara ya pili ingeshindikana, hakuna ambaye angemkabidhi hata yai la kukaanga.

Akanipigia simu Embu, ninakoishi.

“Mwalimu,” alisema. Huniita hivyo akikasirika tu. “Hiyo kitu yako ilichemsha watoto wa watu.”

“Chipu haikosei, dada. Hukosea aliyeiandikia.”

“Na aliyeiandikia ni nani?”

Nikaenda Kianjokoma nikiwa na kompyuta, kifaa changu na heshima iliyosalia.

Jambo la kwanza nililofanya ni kusoma kumbukumbu ya chipu. Ilikuwa ya ajabu. Siku nyingi joto lilitulia kwenye nyuzi thelathini na saba na nusu, bila kuyumba. Lakini kila Alhamisi alasiri, na baadhi ya Jumapili baada ya ibada, chipu ilidai kwamba sanduku limepoa ghafla, likawa baridi kama sebule yenyewe. Mayai yaliiva, na chipu yasema ilihisi baridi! Nikaihukumu mara moja kuwa ni mwongo. Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana kwamba shahidi hawi mwongo kwa kusema jambo la kushangaza, lakini somo hilo, kama mengi ya masomo yangu, lilikusudiwa wengine.

Nikajenga nadharia. Nyuma ya nyumba kuna mashine ya kusaga mahindi. Bila shaka ilipounguruma iliunyonya umeme na kuitia chipu wazimu. Kwamba hiyo husaga siku zote isipokuwa Jumapili, nililiona kuwa jambo dogo. Nikaongeza kapasita ya kuutuliza umeme, nikaiandika programu upya kutoka mstari wa kwanza, nikaipakia. Kifaa kikathibitisha kwamba kilichoandikwa kimeandikwa sawasawa na nilivyokiandika. Ni uthibitisho ambao kila mwandishi angeufurahia, na hauna uhusiano wowote na ukweli.

Chipu ikawa mfano wa uadilifu hadi Jumatano. Nilikuwa tayari kurudi Embu na ushindi wangu.

“Ngoja kesho,” dada akasema. “Kesho ni jumuiya.”

“Sala zenu zitaidhuru mashine?”

“Mimi sijui. Lakini ikiona watu wa Mungu inaungua.”

Alhamisi alasiri nikakaa kwenye kigoda kando ya sanduku, kompyuta magotini, nyaya zimeibana chipu, nikizitazama tarakimu. Thelathini na saba na nusu. Thelathini na saba na nusu. Kisha thelathini na mbili. Ishirini na sita. Kumi na tisa.

“Ndiyo hiyo!” nikapaza sauti. “Imeanza kudanganya!”

Nikainua macho. Dada alikuwa amesimama mbele yangu, kihisi mkononi, akiuviringa waya kwenye vidole kama uzi wa kufumia. Begani alikuwa na kitambaa cheupe cha kufuma, ndugu wa vile vilivyofunika televisheni, redio, makochi na birika.

“Unafanya nini?”

“Natandika. Kwani huoni wageni wanakuja?”

“Na huo waya?”

“Hii waya inakaa kama mkia ya panya. Nikiweka kitambaa juu yake, inainuka katikati kama kaburi. Natoa tu kidogo. Wakienda, narudisha.”

“Mbona sijakuona ukitandika wiki hii yote?”

“Wewe ni mgeni?”

Nikamweleza, taratibu, kwamba kihisi kikitoka nje hupima baridi ya sebule. Chipu huamini mayai yanaganda, nayo huwasha koili hadi jumuiya imalize.

“Na jumuiya haimalizi,” akasema polepole. “Kuna chai.” Akaketi. Nilidhani anajuta. “Sasa kwa nini hukuniambia inahisi na mkia?”

Nilimsihi aache waya mahali pake. Akakataa katakata, heri mayai yaive kuliko sebule yake ionekane kama karakana. Sauti za akina mama zilikuwa zimeshafika kwenye migomba. Nikairudisha ncha ndani, nikaichomoa koili, kwa kuwa chipu inapoandikwa haidhibiti chochote, nikaongeza mistari michache: joto likishuka upesi kuliko sanduku la mbao linavyoweza kupoa, zima koili, usubiri. Kuku naye huondoka kiotani kwenda kula, na mayai hayafi. Nikaipakia, nikairudisha koili, nikampa dada waya. Akatandika.

“Hodi! Fundi wa mayai ya kuchemsha bado yuko?” aliuliza kiongozi wa jumuiya mlangoni.

“Karibu, mama. Yuko, na shida ameipata.”

“Ilikuwa nini?”

Dada akakinyoosha kitambaa pembeni, akanitazama.

“Ni chipu,” akajibu. “Ilikuwa inaongea uongo.”

Nilikuwa nimeisema kauli hiyo kabla yake, tena kwa sauti kubwa.

Mayai mengi yalianguliwa, machache hayakuanguliwa. Akina mama walichukua vifaranga wao katika maboksi, wakaleta mayai mengine. Dada bado huutoa waya kila Alhamisi, na chipu huzima koili na kusubiri mpaka chai iishe.