Uchafu Kwenye Koili

Paa la nyumba yetu ya Mji wa Kale lilikuwa dogo. Waya wa antena niliouhitaji ili nizungumze kwa redio na kakangu, aliyekuwa akifanya kazi Lamu, ungevuka hadi kwa jirani, kwa hiyo niliufupisha hata haukufika nusu. Waya mfupi hivyo haufai kitu mpaka uutie koili, yaani waya uliozungushwa, yenye induktansi, ile nguvu ya sumaku ya mizunguko, ya kutosha kufidia urefu uliopotea. Nilikaa na hesabu hiyo mchana kutwa: kipenyo cha bomba la plastiki la kuizungushia, urefu wa koili, na idadi ya mizunguko, ambayo huzidishwa kwa yenyewe. Kisha nikazungusha waya wa shaba usio na ganda, kila mzunguko mbali kidogo na mwenziwe.

Ikafanya kazi. Kila Ijumaa baada ya swala mamangu alikuja kuketi kando ya redio amsikie mwanawe.

Ijumaa moja sauti ikapotea. Nilipopima, nikaona antena imehamia masafa ya juu kuliko yake. Nikairudia hesabu kinyumenyume: induktansi ilikuwa imepungua. Bila shaka mizunguko fulani ilikuwa imegusana, ikawa kama imepungua.

Nikapanda paani kwenye koili. Uvundo ulinipokea ngazini. Matumbo ya samaki yalikuwa yamenasa ndani ya koili, yameoza, funza wakitambaa juu ya shaba. Kunguru walipoyang'ang'ania walikuwa wameibana mizunguko pamoja, na kinyesi chao kimeganda juu yake. Nikatapika palepale.

Dirisha la jirani, mzee muuza samaki, lilikuwa juu yangu, wazi. Ukuta chini yake ulikuwa na michirizi ya damu.

"Ami, uchafu huu umetoka kwako?"

"Hao ni kunguru, mwanangu. Mimi nitawazuiaje?"

Alisema hivyo kwa upole, kisu chenye magamba ki mkononi. Upole ule ulinichefua kuliko funza.

Nikayang'oa matumbo kwa vidole, nikaisugua shaba kwa maji moto, nikatenganisha mizunguko, kisha nikaifunika koili kwa kipande cha bomba pana zaidi. Kifuniko hicho kiliyashusha masafa, ikabidi nipunguze mzunguko mmoja ili yarudi mahali pake.

Alasiri kakangu akasikika. Mama akamwuliza kama amekula, akacheka kwa alichojibiwa, kisha akanigeukia.

"Sogea kule, mwanangu. Wanuka."

Nilikuwa nimenawa kwa sabuni na limau mpaka ngozi ikaniwasha.