Mkono Usiofika Sikioni

Msiniambie ati hayo ni mambo ya zamani. Najua ni ya zamani, nimezeeka nayo. Shule nilikuja kuingia baadaye, nikiwa mkubwa kuliko benchi, na nikasoma, kwa hivyo mtu atasema hakuna kilichoharibika. Mwacheni aseme. Aliyenisaliti alikuwa mama yangu mzazi, na mpaka leo nikilikumbuka hilo hasira hunipanda upya.

Tuliishi Kariandusi, kwenye kambi ya wafanyakazi wa machimbo. Baba alikuwa akichimba lile jiwe jeupe, jepesi, ambalo ukiligusa tu linakuachia unga mkononi. Miaka hiyo ya hamsini kila kitu pale kilikuwa cheupe: mapaa, mbuzi, nyusi za baba akirudi jioni. Mama alilalamika kuwa hata chai ilikuwa na ladha ya vumbi.

Basi vumbi hilo hilo ndilo lililotufundisha kuandika. Kulikuwa na shule ya watoto wadogo katika chumba cha udongo ambacho Jumapili kiligeuka kanisa. Mwalimu wetu alikuwa mke wa karani wa machimbo, mama kijana mwenye sauti ya upole na fimbo ambayo sikumbuki ikimgusa mtu. Daftari hatukuwa nazo, wala penseli. Kila mtoto alikuja na kifuniko cha debe, mwalimu akakijaza vumbi na kulisawazisha kwa kiganja. Akisema "a", tunaandika "a" kwa kidole. Anapita akiangalia, na aliyekosea anashikwa kidole na kuongozwa polepole. Kisha anatuambia tutikise. Tunatikisa vifuniko, herufi inapotea, tunaanza nyingine. Ilikuwa marufuku kupiga chafya juu ya kifuniko cha mwenzako. Tulipiga tu.

Tulianza na irabu, tukiziimba mpaka wachimbaji waliopita nje wakawa wanatuitikia. Halafu ma, me, mi, mo, mu. Siku niliyounganisha ma na ma nikaona nimeandika mama, nilishtuka. Nilidhani herufi ni mchezo wa pale shuleni, kumbe zinaweza kutaja kitu kilichoko nyumbani. Nilikibeba kile kifuniko kwa mikono miwili, nikitembea kama mtu aliyebeba uji wa moto, nikampelekea. Mama aliinama akakiangalia sana. Akaniuliza kama ni yeye huyo. Nikamwambia ndiye. Alicheka, akaniambia nisimwagie vumbi kwenye sufuria yake.

Nilikuwa mwepesi, na sijisifu bure. Jirani yangu wa benchi, msichana mnono mwenye vishimo mashavuni, herufi zake zote zilifanana na minyoo, na mimi ndiye niliyemchorea pembeni ya kifuniko chake mwalimu akigeuka. Ilifika wakati mwalimu akanipa kitabu chake mwenyewe, nikamsomea ukurasa mzima, hata maneno ambayo hakuwa ametufundisha. Akamwita baba. Akamwambia shule zikifunguliwa mwaka mpya, huyu apelekwe misheni, aanze darasa la kwanza. Baba, ambaye jina lake tu hakuweza kuliandika, alitangazia kambi nzima. Alileta kitambaa cha bluu nishonewe gauni. Na nyumbani kwetu baba akishasema, limesemwa.

Mama hakumpinga. Gauni alilishona yeye, kwa mkono, na alilishona vizuri. Siku hizo hizo alikuwa amepata kibarua cha kupalilia katika shamba la mzungu upande wa Elmenteita, na nyapara wa huko hakutaka kuona mtoto mgongoni mwa mtu. Mdogo wangu alikuwa bado anatambaa. Mimi mambo hayo mawili sikuyaunganisha. Ningeyaunganishaje? Nilikuwa najua kuunganisha ma na ma tu.

Sasa, zamani hizo hakuna aliyeandika mtoto amezaliwa lini. Shule ilikupima kwa mwili wako. Unapitisha mkono wa kulia juu ya kichwa, na vidole vikigusa sikio la kushoto, umekomaa, unaandikwa darasa la kwanza. Visipogusa, rudi ukakue. Wakubwa wote walilijua hilo. Sisi watoto hatukulijua, maana mwalimu wetu alituambia tu kwamba tutaenda kumsomea hedimasta. Usiku kucha niliurudia ule ukurasa kichwani.

Asubuhi baba alikwenda machimboni, na mama akanipeleka misheni. Njiani alisimama, akachuchumaa mbele yangu, akanitengeneza kola.

"Utaambiwa upitishe mkono juu ya kichwa," akasema. "Usiufikishe sikioni. Ukifika watasema wewe ni mkubwa, wakurudishe nyumbani."

Nilimwamini. Si nilikuwa nimesikia kuna vijana waliorudishwa kwa sababu wameanza kuota ndevu? Tena akanifanyisha mazoezi pale pale njiani. Akanionyesha nikunje vidole kidogo, lakini visionekane vimekunjwa. Nilipopatia akanisifu. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Mimi kilikuwa kwenye leso iliyonibeba tangu nizaliwe, na nilikuwa nikitembea nacho tumeshikana mikono.

Hedimasta alikuwa mtu mrefu mwenye kaptula ya kaki iliyopigwa pasi ikasimama. Foleni ilisonga upesi. Zamu yangu ilipofika nilifanya kama nilivyofunzwa, vidole vikakomea kwenye nywele, juu kidogo ya sikio. Akasema bado, niletwe tena mwakani. Mama akamshukuru haraka haraka.

Nikasimama pembeni nimeduwaa. Nyuma yangu alikuwa yule jirani yangu wa benchi. Akapitisha mkono, akalishika sikio, akaambiwa aingie. Nikadhani hedimasta amekosea. Aliyefuata akalishika, akaambiwa aingie. Na mwingine. Hakuna aliyeulizwa hata herufi moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nimezungushwa mbuyu, na aliyenizungusha ni nani.

"Mwalimu," nikamwambia hedimasta, "mimi najua kusoma."

Hakukasirika. "Kusoma utafundishwa hapa. Kwanza mkono ufike."

Nikataka kuuinua nimwonyeshe. Haukuinuka. Mama alikuwa ameushika mkono huo huo, kwa nguvu, huku akimtabasamia hedimasta kama mtu anayetuliza mtoto msumbufu. Akanivuta tukaondoka.

Njiani nilimuuliza mbona alisema wanaofikisha ndio wanaorudishwa. Aliniambia nitembee, jua linakuwa kali. Nikamuuliza tena, akaongeza mwendo. Nilimfuata nikilia kwa sauti, watu wakitugeukia, na hakunigeukia hata mara moja.

Jioni baba alirudi na weupe wake. Kabla hajanawa aliuliza naanza lini. Mama alikuwa anasonga ugali. Akajibu kuwa mkono haukufika. Baba akaniita mbele yake.

"Hebu nione," akasema.

Mama hakugeuka, lakini mwiko ulisimama. Nilijua nikifikisha nimemuumbua. Nilijua pia nisipofikisha, basi tena. Nikaupitisha mkono juu ya kichwa, nikalishika sikio zima, nikalivuta mpaka likaniuma.

Baba aliliangalia sikio, akamwangalia mama. Nikangoja. Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuona raha.

"Kule aliogopa," mama akasema, bila haraka. "Alipomwona hedimasta alikunja vidole mwenyewe. Nikambembeleza, akakataa."

Nilifungua mdomo. Lakini kwetu mtoto hamwiti mama yake mwongo mbele ya baba yake. Neno hilo ningeweza kuliandika vumbini bila kukosea, kulitamka sikuweza. Nilimtazama mama anitoe, aseme hata nusu tu ya ukweli. Aliendelea kusonga. Baba alinitazama kwa muda mrefu, na nikaona ameona haya kwa ajili yangu, yeye aliyenitangaza kambi nzima.

"Basi," akasema, "mwoga akae alee mtoto." Akatoka kwenda kunawa.

Mama akapakua. Alikwangua ukoko wote chini ya sufuria, ule niliouomba kila siku, akauweka kwenye sahani yangu peke yangu. Hakuniangalia usoni. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi. Nikaula.